Kwa nini mapigo hayakupanda wakati wa operesheni?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini moyo wa mama haukwenda mbio kwenye operesheni ilhali alipoteza damu na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ikashuka.

Mtu aliye macho akipungukiwa damu ghafla, moyo huongeza kasi na nguvu, na viungo hunyonya oksijeni zaidi kutoka kwenye damu iliyobaki. Dawa za usingizi hufifisha neva zinazouchochea moyo, kwa hiyo mapigo yanaweza kuonekana ya kawaida hata hali ikiwa mbaya. Ndiyo maana daktari wa usingizi hategemei mapigo peke yake. Hupima himoglobini na presha, na kufuatilia mchoro wa umeme wa moyo. Nafuu ni kwamba mwili uliolala hutumia oksijeni kidogo.

Akizinduka ndipo mimi ningekaza macho, maana maumivu na kutetemeka hupandisha mahitaji ya oksijeni. Muulizeni daktari himoglobini yake ya sasa ni ngapi, na kama anatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo mtajieni, nazo huficha dalili. Akihema kwa shida, akiumwa kifua au akichanganyikiwa, mwiteni muuguzi papo hapo.