Maswali yenu: New Zealand, 1893, na ombi la mita 270

Juzi niliandika kwamba mwaka 1893 New Zealand, ikiwa bado koloni la Uingereza, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura za Bunge, miaka 25 kabla Uingereza yenyewe haijaanza kufanya hivyo. Mmeniandikia kwa wingi. Najibu machache.

Shikamoo mwalimu. Umeandika "iliwapa". Waliamka tu siku moja wakapewa?

Marahaba, binti yangu. Neno hilo nalifuta, na ahsante kwa kunishika. Hawakupewa, walidai. Kate Sheppard na wenzake wa chama cha wanawake cha kupinga ulevi walikusanya saini za ombi kwa Bunge mlango kwa mlango, mjini na mashambani. Mwaka 1891 walipata zaidi ya 9,000, wakagonga mwamba. Mwaka 1892 zikakaribia 20,000, wakagonga mwamba tena. Mwaka 1893 zikafika karibu 32,000, yaani karibu robo ya wanawake wote watu wazima wenye asili ya Ulaya waliokuwa nchini.

Karatasi za ombi kubwa Sheppard alizibandika kwa gundi moja baada ya nyingine, nyumbani kwake Christchurch, akaziviringisha kwenye kipande cha mpini wa fagio. Mbunge Sir John Hall akaingia na bunda hilo ukumbini, akaliachia lijikunjue. Likabingirika katikati ya wabunge mpaka mpini ukagonga ukuta wa upande wa pili. Mita 270 za majina! Nikifika hapa husita kidogo. Nawafikiria wale waliofungua mlango mikono ikiwa na unga, wakatafuta pa kuegemeza karatasi.

Waliopinga walitoa sababu gani?

Kwamba siasa zitamharibu mwanamke, na kwamba atatukanwa na walevi vituoni. Ila pesa ilitoka kwa wauza pombe, waliohofu kwamba wanawake wangewafungia biashara. Huko Dunedin mbunge Henry Fish alilipa watu wakusanye saini za kupinga kwenye vilabu vya pombe. Baadhi zikagundulika kuwa za uongo, na aibu ikamrudia.

Basi sheria ilipitaje?

Waziri Mkuu John Ballance, aliyekuwa upande wa wanawake, alifariki mwezi Aprili. Aliyemrithi, Richard Seddon, hakuitaka sheria hiyo, akategemea baraza la juu la Bunge liizime. Alipoona kura zinakaribiana, akampelekea mjumbe mmoja wa chama chake telegramu abadili msimamo. Wajumbe wawili wa upinzani, ambao nao hawakuitaka sheria, wakachukizwa na mchezo huo, wakapiga kura ya ndiyo. Matokeo: 20 kwa 18, tarehe 8 Septemba. Tarehe 19 Gavana, Lord Glasgow, akatia saini.

Wapo wanaoiita bahati. Sikubaliani nao hata kidogo. Bila miaka ile ya kupita milangoni, wawili wale wasingekuwa na cha kukipigia kura.

Je, wenyeji, Wamaori, walihusishwa?

Swali hili nililingoja. Sheria iliwahusu wanawake wa Kimaori pia, nao walipiga kura Desemba mwaka huohuo kwa viti vya Bunge vilivyotengewa Wamaori. Lakini walikwishaanza kusema wenyewe. Mwezi Mei, huko Waipatu, Wamaori walipokutana katika Bunge lao la Te Kotahitanga, alisimama Meri Te Tai Mangakāhia, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, akaomba wanawake wachague na pia wachaguliwe. Hoja yake ilikuwa ardhi. Wapo wajane wenye mashamba, alisema, wapo mabinti waliofiwa na baba na hawana kaka, na wapo wake wanaojua kusimamia ardhi kuliko waume zao. Wanaume wamemlilia Malkia wa Uingereza bila mafanikio. Huenda akawasikiliza wanawake wenzake. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi ataisikia sauti hiyo vizuri. Bunge lile liliwakubalia wanawake kupiga kura mwaka 1897.

Siku yenyewe ilipofika, walijitokeza?

Kwa wingi mno, mama yangu. Kati ya saini ya Gavana na uchaguzi wa 28 Novemba palikuwa na wiki kumi tu, lakini wanawake 109,461 walijiandikisha na takriban 90,000 wakapiga kura. Matusi yaliyotabiriwa hayakuonekana. Siku ilipita kwa utulivu. Kesho yake mji wa Onehunga ukamchagua Elizabeth Yates kuwa meya, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika himaya yote ya Uingereza. Kugombea ubunge waliruhusiwa mwaka 1919, na wa kwanza kuingia, Elizabeth McCombs, alichaguliwa mwaka 1933.

Na wewe uliyeuliza kama lile ombi bado lipo: lipo, limehifadhiwa Maktaba ya Taifa mjini Wellington, na majina yanasomeka.