Re: Uwanja wa shule kuwa bustani ya mtaa

Dada, umeuliza kama huo uwanja wa shule hapo Tanga, saruji imepasuka na jua kali, unaweza kuwa bustani ambayo na mtaa utatumia jioni. Inawezekana kabisa, Paris wanang'oa lami kwenye viwanja vya shule tangu 2018 na vingine wanawafungulia majirani Jumamosi.

Ila usianze na miche! Kaeni kwanza kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa muandikishane nani anashika funguo za geti na nani analipa maji, hapo ndo miradi mingi hufia. Saruji vunjeni kidogo kidogo, masika yakianza pandeni mikungu na miarobaini, kila mche uzungushieni miba maana mbuzi wa mtaani hawana simile. Na goli msiwanyang'anye vijana, watang'oa vyote nawajua hao 😂