Kiwiko cha mwanao si cha kocha

Juzi dada mmoja aliyeko Minnesota ameniandikia. Mwanawe wa miaka 16, mrushaji wa mpira wa besiboli katika timu ya shule, amechanika ligamenti (ile kamba ngumu inayoshikanisha mifupa) ya upande wa ndani wa kiwiko, na kocha anataka apasuliwe kabla mwezi haujaisha. Anauliza sisi tulifanyaje. Dada yangu, nakujibu hapa hadharani kwa kuwa tupo wengi huku Marekani tuliokulia kwenye kandanda, na sasa watoto wetu wanacheza besiboli ambayo hatuna mjomba wa kumuuliza.

Mwanangu alihisi kitu kikiachia kiwikoni katikati ya mechi, hapa Texas. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, kikaonyesha mchaniko wa sehemu tu. Hatujamwona hata daktari wa pili, kocha akapiga simu: "Mpasueni sasa, atarudi na kasi zaidi." Kauli ile inaniuma mpaka leo. Hakuuliza kijana analalaje usiku. Tena si kweli! Anayerudi na kasi ameipata kwenye mwaka mzima wa kujenga miguu, mgongo na bega, wala haikutoka kwenye kisu.

Upasuaji wenyewe nauheshimu. Mwaka 1974 Dkt. Frank Jobe alichukua kano ya mkono wa kulia wa Tommy John, mrushaji wa timu ya Los Angeles Dodgers, akampandikizia kiwiko cha kushoto. Bwana yule akarudi uwanjani 1976 na kucheza hadi 1989. Ila mrushaji aliyepandikizwa husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kurudi kucheza. Kuna pia njia mpya ya kuishona ligamenti yenyewe na kuiimarisha kwa utepe. Hufupisha muda, lakini inataka ligamenti ambayo haijachakaa. Na wapo wanaopona bila kupasuliwa. Masahiro Tanaka wa New York Yankees alichanika kidogo 2014, akadungwa chembe zilizotolewa kwenye damu yake mwenyewe, akapumzika, akarudi msimu uleule na kuichezea timu hiyo hadi 2020.

Sisi tulichagua kusubiri: kutorusha kabisa, fiziotherapia, kisha kuanza tena polepole. Tulikubaliana na daktari tangu mwanzo kwamba maumivu yakirudi, tunapasua bila ubishi. Watu walisema namharibia mtoto bahati yake. Msimu huu amerudi kurusha, na wiki iliyopita chuo kimempa nafasi. Nasema kwa fahari, maana tulisimama peke yetu, mimi na mama yake.

Wazazi wenzangu, mchaniko huu si dharura ya usiku. Ulizeni umechanika kiasi gani, na wapi: ulio upande wa mfupa wa juu huwa na matumaini zaidi ya kupona wenyewe kuliko wa chini. Hesabuni mirusho. Mwongozo wa Pitch Smart, unaolinda mikono ya warushaji vijana, unasema mtoto wa miaka 15 au 16 asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akifika 76 apumzike siku 4. Kocha asiyehesabu, hesabu wewe, na siku zikiwa hazijatimia mtoto abaki nyumbani.

Dada, picha za MRI ni haki yenu. Zipelekeni kwa daktari asiyehusiana na timu, mwingie mkiwa familia tu, na swali la kwanza mwacheni kijana aulize mwenyewe. Akiambiwa ligamenti imekatika yote, naye bado anataka kurusha, sahini apasuliwe, bila hofu.