Re: Naanzaje kuwashirikisha wanakijiji kwenye hoteli ndogo?
Mkuu, umeuliza kama kikao kimoja na sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, kinatosha kabla hujafungua vyumba vyako kumi Jambiani, Zanzibar. Hakitoshi. Kikao kimoja ni chai na maandazi tu.

Kaangalie Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja chenye hoteli ndogo. Mabanda saba tu ya wageni, na mwamba wake wa matumbawe ni hifadhi tangu 1994. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wenyewe, wakafundishwa kazi. Hawabebi silaha, akiingia mvuvi wanamweleza kwamba samaki wanaozaliana pale ndio atakaowavua nje ya mpaka. Vijiji vya jirani vina wawakilishi kwenye kamati ya ushauri. Maji ya kuoga ni ya mvua, yamekingwa juu ya paa, na choo hakitumii hata tone.

Kwako ningeanza na maji. Kisima chako kikivuta mno, vya majirani vikaingia chumvi, hata uajiri nusu ya kijiji watakununia. Samaki nunua dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, ulipe taslimu siku hiyohiyo. Hoteli niliyowahi kufanyia kazi ililipa baada ya miezi miwili. Wavuvi wakaanza kutupitishia wale wadogo wadogo, wazuri wakaenda kwingine.