Kipakatalishi kinachochemka na kuzima chenyewe

SWALI: Bwana fundi, ninatumia kipakatalishi nilichokinunua hapa Nairobi kikiwa kimeshatumika ng'ambo. Kwa miezi michache sasa, kila ninapofanya hesabu za wateja huku nimefungua kurasa nyingi za intaneti, feni hulia kwa nguvu, baobonye (kibodi) huwa moto usioshikika, na baadaye kinazima bila onyo. Fundi mmoja amesema ubao mkuu wa saketi (motherboard) umekufa. Mwingine ameniuzia stendi yenye feni, lakini hakuna kilichobadilika. Je, ninunue kingine? Mhasibu, Kasarani.

JIBU: Ndugu Mhasibu, usinunue kingine kwanza, wala usikubali ubao mkuu ubadilishwe kabla mtu hajaupima. Kipakatalishi kinachozima katikati ya kazi nzito mara nyingi huwa kinajilinda. Prosesa nyingi, yaani chipu kuu zinazofanya hesabu zote za mashine, zina kikomo cha joto kilicho karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Zinapokikaribia hupunguza kasi, ndipo kazi huanza kujikokota, na joto likiendelea kupanda licha ya hapo, umeme hukatwa ili vifaa visiungue. Joto hilo hutoka kwenye prosesa, likapita katika tabaka jembamba la grisi ya kupitisha joto, likaingia kwenye bomba bapa la shaba, likafika kwenye vibamba vyembamba vilivyopangwa kando ya tundu la hewa, na hapo feni ikalisukuma nje. Kazi ya fundi ni kutambua ni sehemu ipi ya njia hiyo iliyoziba, na unaweza kumsaidia kabla hata ya kutoka nyumbani.

Weka programu ya bure inayosoma joto, kama vile Core Temp au HWiNFO, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili uone ni programu zipi zinazoitumia prosesa. Ukikuta programu usiyoifahamu, au masasisho yasiyokwisha, yanaila prosesa hali wewe hufanyi kitu, tatizo lako huenda liko hapo na halihitaji bisibisi. Ikiwa prosesa imetulia, anza kazi nzito huku ukitazama joto. Likiruka hadi nyuzi 90 na zaidi ndani ya sekunde chache, na hewa inayotoka kando ni vuguvugu tu, ina maana kwamba joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba: grisi imekauka, au skrubu za kipozeo, yaani hiyo shaba na vibamba vyake, zimelegea. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa, feni ikinguruma lakini hewa inayotoka ni kidogo na ya moto sana, vibamba vimezibwa na vumbi. Feni isipolia kabisa wakati joto linapanda, feni yenyewe ndiyo mbovu, na hicho ni kipuri kinachobadilishwa peke yake.

Kwa maelezo yako ninashuku vumbi na grisi kwa pamoja. Mashine iliyotumika ofisini kwa miaka kadhaa hufika huku ikiwa na nyuzinyuzi za zulia na nguo zilizogandamana kati ya feni na vibamba, kisha vumbi letu jekundu la Januari na Februari hulijazia tabaka hilo hadi likawa nene kama blanketi. Tabaka hilo halionekani ukichungulia kutoka nje. Ndiyo maana sipendi kabisa usafishaji wa kupuliza kwa blowa kwenye tundu huku mashine ikiwa imefungwa: uchafu hurudishwa ndani, na feni huzungushwa kwa kasi isiyoiweza hadi beringi zake zikaharibika.

Mwombe fundi afanye kazi hiyo mbele yako. Mashine izimwe kabisa na chaja ichomolewe. Kifuniko cha chini kikishafunguliwa, waya wa betri uondolewe kwenye ubao kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Feni ifunguliwe ili tabaka la vumbi lionekane na litolewe kwa brashi laini, na ikiwa hewa itapulizwa, mapanga ya feni yashikwe yasizunguke. Grisi ya zamani ifutwe kwa alkoholi ya isopropili, ipakwe mpya kidogo tu, kisha skrubu za kipozeo zikazwe taratibu kwa kufuata namba zilizochapishwa kando yake. Vipande laini vya mpira vilivyo juu ya chipu nyingine visibadilishwe kwa grisi, kwa kuwa vinaziba pengo ambalo grisi haiwezi kulijaza. Betri ikionekana imevimba, usiiwashe mashine hiyo tena mpaka ibadilishwe.

Stendi uliyouziwa haina ubaya, ila haiwezi kupitisha hewa mahali palipoziba. Baada ya usafi itakufaa, ingawa hata kipande cha mbao kinachoinua upande wa nyuma kidogo husaidia, mradi matundu ya chini hayazibwi na kitanda au kochi. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa ikiwa joto ni sawa, kwa hiyo feni ileile huondoa joto pungufu hapa kuliko inapozunguka pwani. Ubaridi wa hewa yetu hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini haufidii vumbi.

Kwa sasa, unapongoja fundi, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi hatua hiyo huzuia prosesa kujiongezea kasi, na joto hushuka vizuri huku hesabu zako zikichelewa kidogo tu. Vilevile, usikitie kipakatalishi kwenye begi kikiwa kimelala tu, hasa unapopanda matatu; kinaweza kuamka humo ndani, mahali pasipo na hewa. Kizime.

Mashine ikisharudi, ipe kazi ileile ya hesabu na kurasa zako kwa saa nzima. Joto likikaa kati ya nyuzi 70 na 85 na isizime, umemaliza. Ikizima hali joto liko chini ya nyuzi 80, basi joto la prosesa silo linaloizima: mwombe fundi ajaribu kwanza chaja nyingine ya nguvu inayolingana, kisha aiwashe bila betri kama muundo wake unaruhusu, na baada ya hayo apime njia za umeme za ubao kwa mita. Hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kukwambia kwamba ubao umekufa, na akuonyeshe vipimo vyake.