Wimbo wa hasira katikati ya nyimbo za imani

SWALI: Ndugu mhariri, sisi vijana wa kwaya hapa Kirumba, Mwanza, tunaisikiliza The Joshua Tree, albamu ya bendi ya U2 ya Ireland. Nyimbo nyingi zinamtafuta Mungu, ila wa nne, Bullet the Blue Sky, ni ghadhabu tupu. Wenzangu wanauruka. Unafanya nini pale?

JIBU: Msiuruke, tafadhali. Wimbo huo ulizaliwa baada ya Bono, mwimbaji wa U2, kutembelea Nicaragua na El Salvador, nchi zilizokuwa vitani huku Marekani ikitia fedha na silaha. Ni hasira ya mtu anayeamini. Ndiyo maana ndani yake yumo Yakobo akishindana na malaika. Someni Mwanzo 32 kabla ya kusikiliza. Habakuki naye alimlalamikia Mungu juu ya udhalimu, na hakuna aliyemtoa kwenye Biblia.

Angalieni pia mahali ulipowekwa. Wimbo wa pili, wenye ladha ya injili, unakiri kwamba anayetafuta bado hajapata. Wa nne unaonyesha dunia anamotafutia. Wa 11, Mothers of the Disappeared, unarudi Amerika ya Kusini na Kati kwa akina mama waliopotezewa watoto, na hapo hasira imegeuka maombolezo. Ukiruka wa nne, kilio hicho cha mwisho kinakosa chanzo.

Zimeni kitufe cha kuchanganya nyimbo, mzifuate kwa mpangilio wake. Tumieni spika yenye besi: spika ya simu humeza besi na ngoma, linabaki gitaa linalopiga mayowe, na wengi huishia kusema ni kelele.