"Wachezaji wote hawajalipwa": hata mmoja, au si wote?

SWALI: Mwenzetu mmoja, shabiki wa timu yetu, aliandika: "Wachezaji wote hawajalipwa mshahara wa mwezi uliopita." Mwingine akamjibu kwamba huo ni uongo, maana makipa wawili wameshalipwa. Wa kwanza akajitetea: hakusema hakuna aliyelipwa, alisema si wote waliolipwa. Wa pili akafungua kamusi kuonyesha kwamba "wote" ni pasipo kubakiza hata mmoja, na akadai kamusi imemaliza ubishi. Kwa sarufi ya Kiswahili, nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Sarufi haimpi ushindi yeyote kati yao, ingawa aliyeandika ndiye mwenye lawama kubwa zaidi. Sentensi yake ina maana mbili, na zote mbili ni Kiswahili halali.

Ukanushi wa Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi: "wamelipwa" hugeuka "hawajalipwa", "walilipwa" hugeuka "hawakulipwa". Neno "wote" liko nje ya kitenzi, limeshikana na nomino. Kwa hiyo umbo la sentensi halisemi kama ukanushi ule unaishia kwenye kitenzi au unarudi nyuma kulifikia "wote". Msomaji mmoja anawachukua wachezaji mmoja mmoja na kusema juu ya kila mmoja wao: huyu hajalipwa, na huyu hajalipwa, hadi wa mwisho. Msomaji mwingine anaichukua kauli nzima "wachezaji wote wamelipwa", kisha anaikataa: hapana, si kweli kwamba wote wamelipwa. Kwa maana ya kwanza, kipa mmoja aliyelipwa anatosha kuifanya kauli kuwa ya uongo. Kwa maana ya pili, makipa hao wawili hawaigusi kabisa.

Ndiyo maana kamusi haikusaidia kitu. Katika maana zote mbili, "wote" ni lile lile, pasipo kubakiza. Hakuna anayebisha hapo. Ubishi uko kwenye upeo wa ukanushi, yaani ukanushi unafika wapi, na hilo ni suala la muundo wa sentensi. Kulitafuta chini ya herufi W ni kupoteza muda.

Mdomoni tatizo hili hujitatua. Anayetaka kusema "si wote" hulikazia neno "wote", na sauti yake mwishoni hubaki juu, msikilizaji akajua kuna "ila" inakuja. Maandishi hayana sauti hiyo. Msomaji aliyeikosa sauti hiyo huelekea kwenye maana ya "hakuna hata mmoja", kwa sababu kundi zima limeshatajwa kabla kitenzi hakijafika. Kwa hiyo anayeandika "wote hawaja-" huku akimaanisha "baadhi tu" anajitakia maswali.

Mtu anaweza kunikumbusha methali ya vyote ving'aavyo. Wapo wanaoisema "Vyote ving'aavyo si dhahabu", na ukiisoma kwa maana ile ya kwanza, itakuwa inasema dhahabu haing'ai. Hakuna anayeielewa hivyo. Lakini kinachotuokoa pale ni kwamba tumeshaiona dhahabu ikimetameta. Sarufi haina mchango wowote. Habari za mishahara ya timu hatuzijui kwa macho, kwa hiyo ujuzi wa dunia hauwezi kutuchagulia maana. Na tazama umbo lake kamili, "Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu": pale kinachokanushwa ni kule kudhani, na utata wote unatoweka.

Tiba ni nyepesi. Kama hakuna aliyelipwa, andika "Hakuna mchezaji aliyelipwa" au "Hajalipwa mchezaji hata mmoja." Kama wapo waliolipwa na wapo ambao bado, andika "Si wachezaji wote waliolipwa." Zingatia kwamba "si" imetangulia "wote", na kitenzi kimegeuka cha urejeshi kisicho na ukanushi: "waliolipwa". Au sema moja kwa moja: "Baadhi ya wachezaji hawajalipwa." Hii ya mwisho inapendeza zaidi kwa sababu inamlazimisha mwandishi ajue anachokisema. Usikimbilie "kila" ukidhani utapona. "Kila mchezaji hajalipwa" ina utata ule ule na masikioni inakwaruza zaidi.

Kuna kosa la mantiki linalofuatana na utata huu, nalo ndilo linalorefusha mabishano mengi. Mtu anasema, "Wanasiasa wote ni waongo." Wewe unakataa. Anakurukia: "Kwa hiyo unasema wanasiasa ni wakweli?" Hujasema hivyo. Kinyume halisi cha "wote ni waongo" ni "yupo walau mmoja asiye mwongo", basi. "Wote ni waongo" na "hakuna aliye mwongo" haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini zinaweza kuwa za uongo kwa pamoja, kama ilivyo pale ambapo wawili wamelipwa na wengine bado. Aristotle alizitenganisha aina hizi mbili za upinzani zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na bado hadi leo watu huzichanganya. Kabla ya kujibu kauli yenye "wote", "kamwe" au "daima", jiulize unahitaji ushahidi kiasi gani kuivunja. "Hakuna aliyelipwa" inavunjwa na mtu mmoja. "Baadhi hawajalipwa" haivunjwi mpaka ulete orodha nzima, na kila jina liwe limelipwa.

Upeo wa ukanushi hauhusu "wote" peke yake. Tubaki uwanjani: "Timu haikushindwa kwa sababu ya mwamuzi." Je, timu ilishindwa? Huyu anaelewa kwamba ilishindwa, ila mwamuzi asisingiziwe. Yule anaelewa kwamba haikushindwa, na mwamuzi ndiye aliyeibeba. Mashabiki wawili wanaweza kutukanana juu ya sentensi hiyo huku wakikubaliana kuhusu kila kilichotokea dakika zote 90. Dawa ni kuligawa wazo: "Timu ilishindwa, lakini si kwa sababu ya mwamuzi." Ukitaka ile nyingine: "Mwamuzi ndiye aliyeiokoa timu isishindwe." Jihadhari na kila kitenzi kilichokanushwa kinachofuatwa na "kwa sababu", "ili" au "kama". Hiki cha mwisho kina balaa lake: "Hakucheza kama nahodha" yaweza kuwa alicheza bila cheo, alicheza vibaya kuliko inavyomstahili nahodha, au hakucheza kabisa, tofauti na nahodha aliyecheza.

Halafu kuna vitenzi vya mawazo. Ukisema "Sidhani kama atakuja", kila mtu anasikia "Nadhani hatakuja". Ukanushi umekaa kwenye kudhani lakini maana yake imeteremka kwenye kuja. Ndivyo ilivyo pia kwa "Sitaki aende", ambayo hueleweka kama "Nataka asiende", na kwa "Sitarajii ashinde". Vitenzi vingine havina tabia hiyo. "Sisemi kwamba aliiba" haiwi "Nasema hakuiba". "Sijui kama aliiba" haiwi "Najua hakuiba". Mgogoro huzuka kwenye "amini", kwa sababu kinakwenda njia zote mbili. Anayesema "Siamini kwamba dawa hii inatibu" huenda anamaanisha hajaona ushahidi wa kumridhisha, na huenda anamaanisha anaamini haitibu. Wa kwanza hana dai la kuthibitisha, anangoja. Wa pili ametoa dai, na akiulizwa uthibitisho hana haki ya kukwepa. Wako wajanja wanaoingia na maana ya pili, wakibanwa wanakimbilia ya kwanza. Wabane kwa maneno: "Hujashawishika kwamba inatibu, au unaamini haitibu?" Kiswahili kina njia ya kuzisema zote mbili bila utata, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Kwenye mabishano ya sheria na taratibu, neno la kuchungwa ni "hutakiwi". "Hutakiwi kulipa kiingilio" ni habari njema: si lazima ulipe. "Hutakiwi kuingia na viatu" ni katazo. Umbo ni lile lile. La kwanza linaondoa wajibu, la pili linaweka marufuku. "Hupaswi" nalo ni hivyo hivyo, ingawa huelemea zaidi upande wa katazo. Anayeandika tangazo, katiba ya chama cha mtaa au kanuni za kikundi cha kukopeshana ayaepuke yote mawili na aandike "si lazima" au "ni marufuku".

Masharti nayo yana mtego wao. "Ukilipa ada, utafanya mtihani." Je, asiyelipa hatafanya? Sentensi haikusema. Kiambishi -ki- kimeahidi jambo kwa aliyelipa, na kimemnyamazia asiyelipa. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kawaida tunajazia lile pengo wenyewe, na mara nyingi tunajazia sawasawa. Lakini katika hoja, anayeleta mwanafunzi aliyefanya mtihani bila kulipa hajaivunja ahadi hiyo. Ataivunja akileta aliyelipa kisha akazuiwa mlangoni. Ukitaka kusema kwamba malipo hayakwepeki, kiambishi chako ni -sipo-: "Usipolipa ada, hutafanya mtihani." Hii nayo haimwahidi chochote aliyelipa, kwani yawezekana kuna masharti mengine kama mahudhurio. Ukitaka yote mawili, andika yote mawili. Sentensi mbili hazigharimu kitu.

Neno dogo "tu" ndilo linalowaangusha hata waandishi wazuri hapa, maana likihama mahali pake, mantiki yote inageuka. "Ukilipa ada tu, utafanya mtihani" inasema kulipa kunatosha, huhitaji kingine. "Waliolipa ada tu ndio watakaofanya mtihani" inawafungia nje wasiolipa, na haisemi kwamba kila aliyelipa ataingia. Ya kwanza ni mlango uliofunguliwa, ya pili ni mlango uliofungwa. "Tu" hufungamana na kilicholitangulia, na hata hapo huweza kushika neno moja au kifungu kizima: "ada tu" ni ada pasipo michango mingine, au ni kule kulipa ada pasipo jambo jingine? Ukiona sentensi yako ina "tu", isome mara ya pili ukiwa na jicho la adui. "Ndipo" na "ndiye" hupunguza utata kwa sehemu kubwa: "Ukilipa ada ndipo utakapofanya mtihani" haina wa kuipotosha.

Msomaji wetu asidhani kwamba naidharau kamusi. Ina kazi yake, na kazi hiyo huonekana pale ambapo neno moja limebadilika maana katikati ya hoja. Chukua hii: "Haki lazima itendeke. Kupiga kura ni haki. Basi kupiga kura ni lazima." Inasikika kama hoja iliyonyooka, kumbe "haki" ya kwanza ni uadilifu, kumpa kila mtu anachostahili, na "haki" ya pili ni stahili ambayo mwenyewe anaweza kuitumia au kuiacha. Jaribio la kuibua ujanja huu ni kuliondoa neno lenyewe na kuweka maelezo yake katika kila sentensi. "Uadilifu lazima utendeke. Kupiga kura ni stahili ya raia." Kamba inayoziunganisha imekatika, na hitimisho halina pa kusimama.

Unapoifungua kamusi kwa kazi hiyo, tazama kwanza kama neno lina vidahizo, yaani maingizo ya kamusi, zaidi ya kimoja. "Kaa" la moto, "kaa" wa pwani na "kaa" kitako ni maneno matatu yaliyofanana umbo, na huingizwa kila moja peke yake. Ndani ya kidahizo kimoja, maana hupewa namba. Namba 1 haiishindi namba 3 kwa usahihi. Zote ni maana za neno, na muktadha ndio unaochagua. Anayenukuu maana ya kwanza na kuzifumbia macho nyingine amenukuu nusu. Soma pia mfano wa matumizi uliopo, maana mara nyingi huo ndio unaoonyesha tofauti ambayo fasili imeifinya. Tena linganisha kamusi zaidi ya moja: Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mara ya kwanza 1981, Kamusi la Kiswahili Fasaha ya BAKIZA (Baraza la Kiswahili Zanzibar) ya 2010, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) iliyotoka 2015. Zitazame majalada tu: Zanzibar wameandika "kamusi la", Bara wameandika "kamusi ya". Wenye kazi hiyo wenyewe hawakukubaliana neno "kamusi" liingie ngeli gani.